Waya Upitie kwa Mendo

Jiko lililetwa siku ya soko, mchana kweupe, barabara imejaa watu, na hilo lilimfurahisha Ristana karibu sawa na jiko lenyewe. Wapagazi wawili walilipandisha kwa ngazi za nje huku wakilaumiana, wakalitua jikoni chini ya dirisha, wakaomba maji ya kunywa, wakaenda zao. Lilikuwa jeupe pee, plati nne za kupikia juu, chini oveni yenye mlango wa kioo. Zorka, binti yao aliyeolewa Uswidi, alikuwa amelichagua kwenye simu akiwa huko huko, akalilipia katika duka la hapo mjini Bitola, kisha akamwambia mama yake kwamba hataki kusikia tena habari za kupandisha kuni ghorofani na kifua kile.

Lambe, mume wa Ristana, alilizunguka jiko mikono nyuma kama mtu anayemkagua ng'ombe wa jirani. Alikuwa mstaafu wa reli, mrefu, mgumu wa kusifu. Akalifungua, akalifunga, akaupima kwa vidole ule mkia mnene wa waya uliokuwa ukining'inia mgongoni pasipo plagi.

"Zuri," alisema. "Litakula wapi?"

"Nini kitakula wapi?"

"Jiko, mke wangu. Umeme litaulia wapi? Hili si redio."

Kesho yake alikuja Sotir, fundi umeme wa mtaani. Alipiga magoti, akafungua soketi ya ukutani, na kabla hajagusa kitu sawasawa, ganda la waya likamomonyoka vidoleni mwake kama kiporo cha mkate. Zilikuwa nyaya za alumini, zilizolazwa humo na baba mkwe wa Ristana mwaka aliojenga nyumba. Sotir akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeleta habari mbaya. Alisema zimefanya kazi yake, Mungu azilaze pema, ila jiko hili wakilichomeka hapa, ukuta utaiva kabla ya mkate. Kilichotakiwa ni kebo mpya, nene, itoke moja kwa moja kwenye sanduku la fyuzi mpaka hapa bila kugusa chochote cha zamani. Na sanduku lenyewe, kama ni la umri huu huu, nalo libadilishwe.

"Sanduku liko wapi?" aliuliza.

Mume na mke hawakutazamana.

"Chini," Ristana alisema. "Ukumbini kwa shemeji."

"Basi nishuke nikalione."

"Hushuki," alisema Lambe.

Sotir alikuwa mtu wa mtaa ule. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Akakusanya bisibisi zake, akakataa malipo, na mlangoni akamwambia Ristana kwa sauti ya chini kwamba wakipatana wamwite.

Kupatana. Nyumba ilikuwa moja na ndugu walikuwa wawili. Baba yao alipokufa, Lambe alipewa ghorofa ya juu. Mendo, mdogo wake, akapata ya chini pamoja na ua, mti wa jozi na mama yao, bibi Dafina, ambaye Mendo alikubali kumtunza mpaka afe. Na akafa, katika kipupwe kimoja ambacho hata mto uliganda. Mendo na mkewe Poliksena walikuwa wamekwenda harusini katika mji wa Prilep. Ristana ndiye aliyeshuka asubuhi na maziwa, akamkuta kitandani. Hita ya umeme ilikuwa pembeni mwa kitanda, swichi yake imewashwa, nayo baridi kama jiwe. Na alipotoka ukumbini kwenda kuita watu aliona kwenye sanduku, katika safu ya fyuzi za kaure, tundu moja tupu: la chumba cha mama.

Alimweleza mumewe. Kwenye chakula cha matanga, watu wameshika vijiko, Lambe alisimama akamuuliza ndugu yake fyuzi ya mama iko wapi. Mendo akasema iliungua, akaitupa, alikuwa na nia ya kununua nyingine. Lambe akasema haikuungua; aliifungua mwenyewe kwa kuogopa bili. Tangu hapo hawakusemezana. Fyuzi ya juu ilipoungua, Ristana ndiye aliyeshuka kuibadilisha, Poliksena akamfungulia mlango na kumfungia nyuma bila hata neno.

*

Kwa hiyo jiko likawa meza. Ristana alilitandika kitambaa alichokifuma mwenyewe, akaweka juu yake chombo cha maua na miwani ya Lambe. Kuni zikaendelea kupanda ngazi ndani ya kikapu, magogo machache kwa safari, na kila safari alisimama katikati akikohoa mpaka machozi yakamtoka. Lambe alikuwa na ngiri. Daktari alimkataza kubeba.

Jumapili Zorka alipiga simu ya picha. Kabla ya kupokea, Ristana aliondoa kitambaa, akachukua mkate uliokuwa umetoka jiko la kuni, akauweka juu ya jiko jipya, katikati ya plati.

"Uuu, mama, umeumuka vizuri," Zorka alisema kutoka Malmo, huko Uswidi. "Na oveni inachomaje, sawasawa pande zote?"

Ristana akasema pande zote.

"Hebu fungua mlango nione ndani."

"Kuna mvuke, mwanangu, hutaona kitu. Niambie mtoto ameacha kukohoa?"

Simu ilipokatika, Lambe, ambaye muda wote alikuwa pembeni na gazeti, alisema bila kuinua macho, "Umekuwa mwigizaji uzeeni."

"Shuka basi kwa ndugu yako, nisiigize."

"Nitakula mbichi kwanza."

Ristana akakitandika tena kitambaa.

*

Alishuka yeye. Alingoja Lambe aende kinyozini, akafunga kitambaa safi kichwani, akagonga mlango wa chini. Poliksena alimfungulia, akamwacha amesimama ukumbini, akarudi jikoni kwake kumenya pilipili hoho alizozichoma za kuhifadhi kwa ajili ya kipupwe. Ristana alimwona kupitia mlango ulio wazi: mgongo mpana, ngozi nyeusi za pilipili zikidondoka ndani ya beseni moja baada ya nyingine. Hakupewa kiti. Katika mji ule hata msoma mita hupewa kahawa.

"Fyuzi tena?" Poliksena aliuliza hatimaye, bila kugeuka.

"Hapana. Nimekuja kuomba."

"Aa." Akafuta mikono taratibu, kidole kwa kidole. "Mendo! Njoo. Bibi wa juu amekuja kuomba."

Mendo alitokea na kandambili, miguu imevimba, uso umevimba pia. Alimsikiliza mpaka mwisho. Ristana alieleza kwamba kebo itapita juu kabisa, kwenye kona ya dari, ndani ya mfereji wa plastiki mweupe, haitaonekana. Kwamba kupaka rangi watapaka wao. Kwamba sanduku jipya watalinunua wao, hata sehemu inayohusu chini. Kadiri alivyosema, alijisikia sauti yake inageuka kuwa ya mchuuzi anayelazimisha bidhaa mlangoni.

"Sitaki hata denari moja," Mendo alisema. "Waya upite. Lakini siku ya Mtakatifu Dimitri nitakuwa na wageni, wale wale waliokula matanga ya mama. Lambe ashuke, asimame mbele yao, aseme alichokisema siku ile kilikuwa uongo. Basi."

"Shemeji, unamjua ndugu yako."

"Namjua. Ndiyo maana."

Ristana aligeuka kuondoka. Poliksena akamwahi, akaweka kiganja ukutani, karibu na mlango wa chumba cha marehemu.

"Nikwambie kitu, Ristana. Bomba lenu la moshi linapita hapa, ndani ya ukuta huu. Kipupwe kile nilikuwa nikiweka mkono hivi, nasikia moto. Mlikuwa mkiota huko juu. Hamkumteremshia bibi hata gogo moja. Lakini muuaji ni Mendo peke yake."

Hilo lilikuwa kweli. Siku zile bibi alikuwa fungu la Mendo kama ua ulivyokuwa fungu la Mendo na mti wa jozi fungu la Mendo. Kumteremshia kuni kulionekana kama kuwaongezea walioshiba. Alipanda ngazi akiwa ameshika ukuta.

*

Alimweleza Lambe sharti, neno kwa neno. Lambe aliendelea kumenya yai lake.

"Mwambie waya wake afungie mbuzi," alisema.

"Lambe, siwezi tena hizi ngazi."

"Tutawaita watu watupandishie kuni."

"Nani? Vijana wote wako Ujerumani. Utamwita nani, padri?"

"Unataka niseme mama alikufa kwa ajali? Wewe uliyeliona tundu?"

"Mama amekufa. Mimi bado."

Lambe aliweka yai chini, akavaa koti, akatoka. Hakulizungumzia tena siku ile wala iliyofuata.

Kila mwaka, siku ya Mtakatifu Dimitri, Lambe aliondoka mapema kwenda kwa rafiki yake kijijini Capari ili asisikie wageni wa ndugu yake wakigonganisha glasi chini ya miguu yake. Mwaka huo pia aliondoka. Ristana alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea kwenye kona ya kituo cha basi, kisha akavaa gauni lake jeusi la kanisani.

Meza ya Mendo ilijaa. Kulikuwa na samaki, kabichi, maharage ya kuoka, na mishumaa mbele ya picha ya mtakatifu. Mazungumzo yalikatika alipoingia. Alikuwa amejizoeza sentensi yake ngazini, lakini pale ilimjia vipande vipande. Alisema amekuja kwa niaba ya Lambe. Alisema yale maneno ya kwenye matanga hayakuwa ya kweli. Yalikuwa uchungu tu. Mtu akifiwa na mama husema ovyo.

"Sema kwa sauti," Poliksena alimwambia kwa upole. "Shangazi Velika hasikii vizuri."

Ristana akarudia, kwa sauti. Shangazi Velika, ajuza aliyekuwa mwisho wa meza na sahani yake, aliuliza anasema nini huyu. Mtu akainama akampigia kelele sikioni, "Anasema Mendo hakumuua mama!"

"Kwani nani alisema alimuua?" ajuza aliuliza, na upande ule wa meza wakacheka.

Mendo hakucheka. Alikuwa anatazama ndani ya glasi yake kama kuna kitu kimezama humo. Akasema, "Kaa ule," na Ristana akakaa, akala kipande cha samaki, akakisukuma kwa divai.

*

Sotir alikuja na kebo begani imezungushwa kama nyoka mnene, akatoboa sakafu ya Ristana, akaupitisha mkia wake, akashuka kumalizia. Ristana alishuka naye kushika ngazi. Mendo alisimama pembeni na kandambili zake. Poliksena alileta gazeti la kutandika chini ili vumbi lisienee.

Sanduku la zamani liling'ang'ania ukuta. Sotir alifungua skrubu zake nne zilizoshika kutu, akalivuta, na lilipoachia, kitu kikadondoka kutoka nyuma yake, kati ya ubao na ukuta, kikagonga vigae, kikabiringika mpaka kwenye mguu wa kiti. Sotir alikiokota, akakipuliza vumbi. Ilikuwa fyuzi ya kaure.

"Ilifunguliwa ikawekwa juu ya sanduku, ikaangukia nyuma," alisema, kwa sauti ya mtu anayeongea na kazi yake. "Nzima kabisa. Ona, kitone chekundu bado kipo usoni. Ikiungua hiki hung'oka." Akatazama ubao alioushika mkono wa pili, akapata tundu tupu, na chini yake maandishi ya penseli ya marehemu mzee, yaliyofifia. "Ya chumba cha mama."

Hapo ndipo akaushusha mkono wenye fyuzi. Hata yeye alikuwa ameyasikia ya matangani.

Mendo alikaa kitini taratibu. Poliksena hakumtazama mumewe. Alimtazama Ristana, na kwa mara ya kwanza tangu waolewe katika nyumba ile hapakuwa na dharau machoni mwake. Alikuwa anaogopa.

Ristana alikuwa na neno. Alikuwa nalo mdomoni, zito, tayari. Ingetosha kumwita Sotir shahidi, kuipandisha ile fyuzi juu, kuiweka mbele ya Lambe mezani. Lakini kebo ilikuwa inaning'inia darini, nusu imefungwa, nusu bado. Akaziona zile ngazi, akakiona kikapu. Akaiona siku ya Mtakatifu Dimitri na meza nzima ikicheka, na yeye akirudi kuwaambia kwamba alidanganya aliposema Lambe alidanganya.

"Fundi," alisema. "Kitu cha zamani hicho. Kitupe."

Sotir alimwangalia kidogo. Kisha akaidondosha fyuzi ndani ya ndoo ya kifusi, akarudi juu ya ngazi. Alasiri, taa ndogo nyekundu iliwaka kwenye uso wa jiko jipya, na plati ya kwanza ikaanza kunukia rangi mpya inayoungua.

*

Lambe aliyasikia kinyozini, mtu akimpongeza kwa moyo wake mkubwa wa kusamehe. Alirudi nyumbani, akasimama kwenye mlango wa jikoni, akamuuliza mkewe kama ni kweli. Alipojibiwa, hakufoka. Alikwenda kibandani, akapanda na magogo mawili kwapani, ngiri na yote, akawasha jiko la kuni, akajipikia mayai.

Waswahili husema mwanamume akioa amepata jiko. Lambe kipupwe kile alikuwa na majiko matatu, na aliota moto wa moja tu, lile lililokula kuni. Mkate wa Ristana hakuugusa. Alinunua wake dukani, akauweka kwenye mfuko wake. Kila asubuhi walipika sambamba, migongo ikikaribia kugusana, na kila mmoja akaosha sufuria yake. Ristana hakumwambia habari za fyuzi. Mwanzoni alijiambia anangoja hasira ipoe. Baadaye ilikuwa vigumu kupata mahali pa kuanzia.

Na chini nako mambo hayakutulia. Sanduku jipya lilikuwa na swichi ndogo ndogo, moja ikiwa ya jiko lake. Jumapili moja mkate wake ulikuwa umeanza tu kuumuka ndani ya oveni, taa nyekundu ikazimika. Redio iliendelea kuimba, balbu iliwaka. Jiko tu ndilo lililokufa. Aliposhuka, Poliksena alikuwa na kitambaa cha vumbi mkononi.

"Nilikuwa nafuta," alisema. "Pengine kidole kimegusa." Akairudisha swichi juu. Kisha, Ristana akiwa tayari ameshika kitasa, akaongeza kwamba oveni yake yeye siku hizi haiivishi chini vizuri, na Jumamosi ana sinia la pita, ule mkate wa kukunja wenye jibini, sijui kama itakuwa taabu.

Haikuwa taabu. Jumamosi ile Ristana alioka sinia la Poliksena, na Jumamosi iliyofuata pia. Hofu aliyoiona ukumbini siku ile ilidumu muda mfupi tu. Poliksena aliona Ristana amenyamaza, akaelewa kwamba aliyenyamaza mara moja hana tena pa kusemea. Siku sinia lilipocheleweshwa, kidole kiligusa. Lambe alizoea kuuona uso wa mkewe ukibadilika taa ilipozimika; aliinua gazeti juu zaidi.

*

Mwezi wa nane Zorka alikuja likizo na binti yake mdogo. Alilikumbatia jiko kama mtu, akapigwa nalo picha, akaituma Malmo. Siku ya sikukuu ya Mama wa Mungu Ristana aliamka mapema, akatandaza unga mpaka mwanga ukaupenya, akakunja pita ya jibini na mchicha kama Zorka alivyoipenda tangu utoto. Poliksena alipoleta sinia lake la nyanya za kuoka, Ristana alimwambia, mbele ya binti yake, kwamba leo oveni ina watu. Angoje mpaka mchana. Ilimtoka kirahisi. Huenda ni kwa sababu Zorka alikuwa pale.

Pita ilikuwa imebakisha kidogo kupata rangi wakati taa nyekundu ilipozimika.

"Umeme umekatika?" Zorka aliuliza.

Redio ilikuwa inasoma taarifa ya habari. Mtoto alikuwa anachora. Ristana alifungua mlango wa oveni, akaufunga, kama kwamba hilo lingesaidia.

"Si ni swichi tu? Ipo chini, eti?" Zorka alisimama. "Naenda kwa baba mdogo. Tangu nifike sijamsalimu hata. Miaka yote hii sijui mnagombania nini ninyi wazee."

Lambe aliweka gazeti mezani. Alimshika binti yake bega, akamkalisha.

"Kaa. Nakwenda mimi."

Walimsikia akishuka, hatua nzito, moja moja. Walisikia mlango. Kisha sauti yake ikapanda kupitia lile tundu la kebo sakafuni, maneno hayakusikika, sauti tu, fupi, halafu kimya, halafu sauti nyingine, kama ya mtu anayekohoa au anayelia. Taa nyekundu ikawaka.

Lambe alirudi, akanawa mikono ambayo haikuwa michafu, akakaa kwenye nafasi yake. Ristana alipoipakua pita alimsogezea sahani yake kwa mazoea tu, kama mtu anavyowasha taa kwenye chumba asichokaa mtu. Lambe alichukua kipande, akala. Kilikuwa kigumu chini na kibichi katikati.

"Tamu, baba?" Zorka aliuliza.

"Tamu," Lambe alisema, akala mpaka kikaisha.

*

Alasiri Zorka alimchukua mtoto kwenda kumwonyesha barabara ya maduka. Lambe alibaki mezani, anakusanya makombo kwa ukingo wa kiganja.

"Nilimwambia nilikosea," alisema. "Mbele ya mkewe. Nilitaka awashe tu, Zorka asijue. Lakini Mendo alilia, Ristana. Alinishika mkono huu hapa, hakutaka kuuachia. Miguu yake umeiona? Hatauona mwaka mwingine yule."

Ristana alikuwa ameshika sinia.

"Ile asubuhi," Lambe aliendelea. "Tundu uliliona tupu, kwa macho yako? Una hakika?"

Aliinua uso, na Ristana akauona uzee wote uliokuwa umejificha nyuma ya gazeti. Hakuwa anauliza. Alikuwa anaomba. Kama fyuzi haikufunguliwa, basi leo hakumwomba radhi mtu aliyemwacha mama yake agande. Alikuwa tu amesema kweli iliyochelewa. Ristana alifikiria ndoo ya kifusi. Alifikiria kitone kile chekundu. Alimwonea huruma mumewe, huruma ambayo hakuwahi kuisikia kipupwe kizima.

"Ni zamani, Lambe," alisema. "Ukumbi ulikuwa na giza, na mimi nilikuwa na woga. Pengine niliona vibaya."

Mabega ya Lambe yalishuka. Akapumua mara moja, kwa kina, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Ristana akadhani ndiyo imekwisha, akageukia beseni.

"Pengine," Lambe alisema nyuma yake.

Aligeuka. Macho yake hayakuwa ya mwombaji tena.

"Kwa pengine yako nilimwita ndugu yangu muuaji mbele ya watu. Kwa pengine yako nimepita mlangoni pake kama mwizi miaka yote hii. Na ukashuka kuniumbua kwa wageni wake, ukaniacha nile mayai peke yangu kama mjinga, na bado hukuona vyema kuniambia kwamba pengine uliona vibaya."

Ristana alifungua mdomo. Palikuwa na jibu, lakini lilikuwa kwenye jalala la mji chini ya kifusi cha miezi mingi, na shahidi wake pekee ni fundi aliyeambiwa na yeye mwenyewe atupe.

Lambe alifungua kabati, akatoa chupa ya rakija, pombe kali, iliyokuwa ikingojea harusi ya mtu, akaikumbatia kwapani, akashuka.

Ristana alikaa mbele ya jiko. Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka, alisahau kuzima. Kupitia tundu la kebo zilipanda sauti za viti vikivutwa, glasi, Mendo akikohoa, Poliksena akisema karibu, karibu shemeji, kwa sauti ambayo Ristana hakujua kama anayo. Kisha Lambe akacheka. Kilikuwa kicheko cha ujana, kikubwa, cha tumboni, na Ristana alikitambua polepole kama mtu anavyomtambua jamaa aliyerudi kutoka mbali akiwa amevaa nguo za kigeni.

Jua lilikuwa limefika kwenye mti wa jozi wakati mumewe alipotoka uani, akainua kichwa kuelekea dirishani.

"Ristana! Ipashe moto hiyo pita iliyobaki, uiteremshe. Na sahani."

"Ngapi?" aliuliza.

"Tatu."

Akairudisha pita ndani ya oveni, akaingoja mpaka jibini likaanza kuchemka kingoni. Kisha akatoa sahani kabatini, akazifuta moja moja kwa kitambaa, tatu, akaziweka juu ya sinia la moto, akashuka.